Una Wageni Wengi

Kioo namba mia mbili na saba,
kipande cha ini chembamba kuliko ganda la kitunguu.
Nimekipaka waridi na zambarau kwa mikono hii hii
iliyompakulia mwenye ini wali wa Idi.

Fomu haikunificha: Semkiwa Hiza,
miaka arobaini na sita, karani wa mizani,
shamba la mkonge, njia ya Pangani.
Shemeji yangu.
Daktari ameandika "tembo, gongo, kila siku"
kwa mwandiko wa mtu aliyekata tamaa saa nne asubuhi.

Mtaani kwetu husema maneno hukata maini.
Tembo halikati, shemeji.
Tembo hualika.

Linaanzia utumboni. Linalegeza komeo,
kuta zilizobana zinaachia nyufa,
na vijidudu vilivyokuwa vikila makombo kwa adabu
vinapenya, vingine vizima, vingine vipande tu,
vinabebwa na mshipa mkubwa uendao inini
kama taka za Ngamiani masika yakipiga.

Ini lina mabawabu wake, wazaliwa wa humo humo.
Bawabu haulizi nani kaleta.
Akiona uchafu anapiga yowe: moto!

Na damu ni mji wenye masikio.
Wanatoka barabara ya kwanza, wanatoka ya ishirini,
chembe nyeupe, na ndoo, na mashoka.
Wamekuja kuokoa, hilo usiwanyime.
Wanavunja mlango kumtoa mtoto ambaye hakuwamo,
wanakanyaga vyungu, wanalowesha unga,
na ndoo zao, ukichungulia, si maji yote:
mna sumu ya kuulia wadudu,
nayo haichagui mdudu na mwenye nyumba.

Kesho yake unakunywa tena.
Bawabu anapiga yowe tena.
Waliokuja jana hawajaondoka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
hapa nimeiona methali ikivunjika kiuno.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
hawa wamekuja na majembe yao.

Nimewahesabu kwenye duara moja la darubini,
nikafika sitini, nikapoteza hesabu,
nikaenda kunywa maji.
Niliporudi walikuwa pale pale,
wamezizingira seli zilizovimba kwa mafuta,
nyeupe, tupu, kama mahindi yaliyopasuka chunguni.

Kisha nyuzi.
Wewe uliyepima mkonge miaka ishirini na miwili,
ukatenga daraja la kwanza na la tatu kwa kidole gumba,
ungezijua hizi bila darubini:
kavu, zinavuka kutoka mshipa hadi mshipa,
kama zimetoka korona
(ya kukamua mkonge, siyo ile ya barakoa).
Palipokuwa na nyama laini mwili unasokota kamba.

Bado si nyingi. Naandika: bado si nyingi.
Napigia mstari, ingawa si utaratibu wa maabara ya Bombo.

Jioni nimepita kwake Chumbageni.
Amekaa juu ya kreti, macho yana rangi ya binzari.
"Umeniona?"
"Nimekuona."
"Nikoje huko ndani?"
"Una wageni wengi."
Akacheka, akakohoa, akashika ubavu wa kuume.
"Wanaondokaje?"
"Wengi huondoka wenyewe, asipoitwa mwingine.
Yowe likikoma wiki, likikoma mwezi, wanakunja mikeka.
Waliosokota kamba, hao huenda wakakuachia kamba."

Hakujibu. Ndani dada yangu alikuwa akikuna nazi,
nikasikia mbuzi ikisita.
Semkiwa akalitazama dumu la lita tano chini ya kreti,
lile lenye kifuniko cha gunzi,
akalisukuma kwa unyayo
inchi moja, labda mbili,
kuelekea kwangu.